Mwaka wa Tairi Zisizo na Tyubu

Otieno ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba Wanyama amefariki, na papo hapo akaniuliza, "Na utaenda, Jerusha?" Watu hawaulizani kama wataenda matangani kwa mtu waliyekula kwake mwaka mzima. Lakini nilimwelewa. Alitaka kujua kama nadhani Mama Pamela, mjane wa Wanyama, angependa kuniona mlangoni mwake. Nilimwambia nitaenda. Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nilivuka Jogoo Road nikaingia Makongeni kwa miguu, nikaikuta nyumba ni ile ile, ukuta ule ule wa mawe, ila sasa pana turubai mbele ya mlango na viti vya plastiki vimepangwa hadi kwa majirani. Wanawake wa kanisani walikuwa wakiimba kwa Kibukusu. Wachache walionikumbuka waliacha kuimba kidogo, wakanitazama, kisha wakaendelea. Nimeshazeeka, nina wajukuu, lakini mtazamo ule niliutambua mara moja. Niliuzoea katika nyumba hiyo nikiwa na miaka ishirini na mitatu.

Huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa miaka ya tisini, watu wakibishana kama kompyuta zitazimika dunia nzima karne ikigeuka. Nilikuwa nauza spea za baiskeli katika duka la Mzee Harun, Eastleigh, kwenye kichochoro kinachotokea First Avenue, na nilikuwa nimepanga chumba Kaloleni na wasichana wengine wawili. Jumapili nilikuwa mwendesha baiskeli. Tulikuwa watatu tu: Wanyama, karani wa reli aliyekaribia miaka arobaini, ambaye tulimwita Kapteni, Otieno, aliyefanya kazi katika kiwanda cha sabuni, na mimi. Mhandisi mmoja wa kigeni aliyefanya kazi na reli alipohamishwa alimwachia Wanyama baiskeli yake ya milimani. Fremu ilikuwa ndogo; Wanyama alipoipanda, magoti yalimgonga viwiko, akina mama waliokuwa wakianika nguo wakacheka mpaka wakashika kamba. Basi ikawa yangu ya kuendesha. Ila kwangu hapakuwa na nafasi hata ya ndoo ya ziada, kwa hiyo ilikaa kwa Wanyama, nyuma ya sofa, ikifunikwa shuka kuukuu.

Chumba kile cha mbele naweza kukichora nikiwa nimefumba macho. Sofa zenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya reli ukutani, redio juu ya kabati, na pazia la maua lililokitenga na chumba cha kulala. Mlango wa pili ulitokea jikoni, jiko dogo lenye moshi wa makaa, ambako Mama Pamela alipika na kusikiliza. Sisemi hivyo kumsengenya. Nyumba ilikuwa ndogo, na mtu aliyekuwa jikoni alisikia kila neno la sebuleni atake asitake. Kila Jumapili alfajiri alitupa chai ya maziwa na mandazi, akatujazia chupa za maji, akazifunga vifuniko kwa nguvu. Kwa Otieno alisema, "Mwende salama." Mimi hakuniambia kitu. Nilidhani ni tabia yake.

Magurudumu ya baiskeli ile hayakuwa na tyubu. Za gari tulikuwa tumeziona, lakini za baiskeli! Otieno aliinama akachungulia kati ya tairi na rimu kama mtu aliyepoteza sarafu kisimani. "Sasa upepo unakaa wapi, Kapteni?" Wanyama akamweleza kwamba ukingo wa tairi unabana kwenye rimu, hewa inakaa humo humo, na mwiba mdogo ukiingia haikutupi chini ghafla kama tyubu. "Hiyo siwezi trust," Otieno akasema. "Kitu haina tyubu ni kama mtu hana utumbo." Tulicheka, lakini tairi zenyewe zilikuwa zimeisha, laini kama soli ya kiatu cha mtu wa posta, na mwishoni mwa mwaka palikuwa na mashindano tuliyoyaota sote watatu: lami kwanza, kisha murram, ile barabara ya changarawe, kisha njia za ng'ombe kuelekea vilima vya Ukambani, zilizojaa miiba ya migunga. Kwa bahati Mzee Harun alikuwa ameletewa kutoka Dubai sanduku la tairi za aina hiyo, na hakuna mteja aliyezijua. Zilikuwa za namna tatu. Za kwanza zilikuwa na meno marefu yaliyoachana, za matope. Za pili karibu hazikuwa na meno. Za tatu zilikuwa na meno mafupi yaliyosongamana katikati, na makubwa zaidi pembeni ya kukushika kwenye kona. Nilizibeba zote tatu hadi Makongeni Jumamosi jioni, nikazilaza juu ya meza ya Mama Pamela kana kwamba naleta nyama kutoka soko la Burma.

Wanyama hakuziangalia nyingine. Alichukua zile za matope akasema, "Hizi."

"Lakini Kapteni," nikamwambia, "hizi kwenye lami zitanivuta nyuma. Zitalia njia nzima. Na meno marefu yanachakaa haraka."

"Kule nyuma ya Ruai ni matope, Jerusha. Mvua ikinyesha utaniambia."

"Mashindano hayapiti nyuma ya Ruai," Otieno akasema.

"Mazoezi yanapita."

Nilishangaa. Mtu huchagua tairi za mashindano au za mazoezi? Nikamwonyesha zile za tatu, za meno mafupi. Nilikuwa nimezibonyeza ubavuni kwa kidole gumba nikaona ni nene, mwiba wa mgunga ungesumbuka. Kwenye lami zingeenda, kwenye murram zingeshika, kwenye matope zingejitahidi. Hazikuwa bora kupita zote mahali popote, lakini hapakuwa na mahali pa kuniangusha. Ya mbele ningeweka iliyo pana kidogo, ya nyuma nyembamba zaidi. Wanyama aliligeuza tonge la ugali mkononi bila kulila. Mwishowe akakubali, kwa shingo upande. Otieno naye akauliza kwa sauti ya mzaha isiyokuwa mzaha, "Na si ni Mzee Harun anataka kumaliza stoki yake kupitia kwetu?" Jikoni kijiko kiliacha kugonga sufuria. Nakumbuka ule ukimya wa jikoni kuliko maneno yote ya sebuleni.

Jumapili ya kwanza tairi zilikwenda vizuri kama nilivyosema. Ya pili, nilipoinua shuka, ya nyuma ilikuwa imelala chini, imeachana na rimu. Tairi ya namna ile ikishaachana na rimu pampu ya mkono haiwezi kuirudisha. Inataka upepo mwingi kwa mkupuo. Ilibidi tubebe gurudumu hadi kituo cha petroli Jogoo Road, tungoje mwenye mashine afike, tumwombe, tutumie kile kipande cha shaba cha kuunganisha valvu. Tulipomaliza jua lilikuwa limeshapanda, Wanyama akasema basi, safari imekufa. Jumapili iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Tukapona Jumapili moja, halafu ikatokea tena. Kila mara tulipolitia gurudumu kwenye karai la maji hapakuwa na hata povu moja. Tairi nzima, rimu nzima, na upepo haupo.

Ndipo nikayasikia yaliyokuwa yakisemwa. Nilikuwa nimefika mapema, nikakuta mlango wazi, na nyuma ya pazia Otieno alikuwa akizungumza na Wanyama aliyekuwa akivaa. "Buda, huyu dem anatucheza. Hizo tairi ni feki. Anauza zile poa, sisi anatupatia makapi."

"Jerusha ni kama dada yetu," Wanyama akasema.

"Dada? Kwani upepo unaisha aje na hakuna pancha? Niambie."

Ningependa kusema kwamba nilitoka nje kwa hasira, lakini nilikaa kwenye sofa, nikapokea kikombe cha chai mkononi mwa Mama Pamela, nikanywa. Aliniangalia nikinywa. Nilijua kwamba naye amesikia, na nilidhani ananionea huruma.

Otieno alikwenda dukani bila kuniambia, akamlalamikia Mzee Harun. Kwa hiyo Jumatatu nilimkuta Mzee amefungua sanduku lote la Dubai, anazipitia tairi moja moja mbele ya mwanga, akitafuta kama nimebadilisha. "Mimi sikusemi kitu," aliniambia. "Mimi naangalia tu." Tangu siku hiyo nilipotoka jioni alisimama mlangoni akiutazama mkoba wangu. Hakuushika. Kuutazama kulitosha. Nilirudi Kaloleni nikilia kwa ghadhabu, wasichana wenzangu wakanishauri niache kazi na baiskeli vyote viwili. Nilikataa. Nilijua nikiondoka wakati ule, jina lingebaki pale pale, Jerusha mwizi wa tairi, kutoka Eastleigh hadi Makongeni.

Nilimwomba Wanyama gurudumu la nyuma nikaenda nalo dukani, nikalitundika ukutani mbele ya macho ya Mzee Harun. Wiki nzima halikupungua upepo. Basi kasoro haikuwa kwenye tairi. Nililirudisha Makongeni, na kabla ya kulifunga nilipaka tone la rangi ya kucha, nyekundu, pale sindano ya valvu inapokutana na kichwa chake, tone dogo ambalo mtu asiyelitafuta hawezi kuliona. Nilikuwa namshuku Otieno. Nilimwona yeye ndiye mwenye sababu: alikuwa na baiskeli mbovu, alikuwa na ulimi, na alikuwa wa kwanza kunisingizia. Lakini wiki hiyo Otieno aliwekwa zamu kiwandani hakukanyaga Makongeni kabisa, na Jumapili nilipoinua shuka tairi ilikuwa chini, na ile rangi ilikuwa imepasuka kama ganda la yai. Mtu alikuwa ameilegeza valvu kwa vidole. Wanyama alikuwa bado anaoga. Watoto walikuwa wamelala. Nilisimama na gurudumu mkononi nikausikiliza moto wa makaa ukilia jikoni, nikaingia.

Mama Pamela alikuwa akikanda unga wa mandazi. Hakugeuka.

"Mama Pamela, ni nani anagusa baiskeli?"

"Ni mimi."

Alisema hivyo tu, kama mtu aliyeulizwa nani amefua. "Kwa nini, mama? Wamesema mimi mwizi. Nimekaribia kufutwa kazi."

"Na wewe kwa nini?" Sasa aligeuka, mikono imejaa unga hadi viwikoni. "Unadhani mimi ni mjinga? Unavaa kaptura, unakuja alfajiri nyumbani kwangu, unaondoka na mume wangu, mnarudi jua limeshageuka. Anarudi ameshiba. Kila Jumapili namwekea chakula, anasema hana njaa. Ameshiba nini huko porini, Jerusha? Niambie wewe unayempa."

Hapo ndipo nilipoelewa zile Jumapili zote za kutosemeshwa. Nilimwapia kwa Mungu, nikamwapia kwa mama yangu, na nilipoona hasikii viapo nikaamua kumweleza njia yote kama ilivyo, kituo kwa kituo, ili ajionee mwenyewe kwamba hakuna mahali pa kutendea dhambi. Nikamwambia tunavyopita Kangundo Road, tunavyofika Ruai, tunavyopumzika kwenye kibanda cha soda cha mama mmoja mnene. "Hapo mimi na Otieno tunakaa," nikamwambia. "Muulize Otieno. Tunakaa tukimngoja Kapteni, mpaka arudi kutoka kujaza maji."

"Kujaza maji wapi?"

"Kwa njia ile ya matope. Kuna nyumba ya watu anaowajua. Kukiwa na matope huazima hata baiskeli yangu."

"Maji gani?" akauliza polepole. "Na chupa zenu nazijaza mimi?"

Mafuta kwenye karai yalianza kutoa moshi, na wala hakuyaondoa, niliyaondoa mimi. Nilikuwa nimeiona njia ile ya matope mara nyingi na sikuwahi kuifikiria hata kidogo. Nilidhani mtu mzima ana watu wake wa kusalimia. Mama Pamela alinawa mikono, kidole kwa kidole, akajifuta kwa kanga, akaniambia nisimwambie mtu yeyote neno, na kwamba Jumapili ijayo tairi yangu itakuwa na upepo.

Ilikuwa nao. Alitupa chai, akatufungia chupa, na kwa mara ya kwanza aliniambia, "Mwende salama." Mvua ilikuwa imenyesha Ijumaa na Jumamosi, tairi zangu zilikwenda kimya kwenye lami, na mbele yangu Wanyama alikuwa akipiga mluzi. Tulipokaribia kibanda cha soda nilimwona kabla yake: Mama Pamela ameketi kwenye benchi, amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, mkoba magotini. Alikuwa amepanda gari la kwanza tu tulipomwacha, akatutangulia. Wanyama alifunga breki, mguu mmoja ukatua matopeni. Akasema, "Mama Pamela."

"Nimekuja kuona maji," akamwambia.

Aliinuka akaishika njia ile ya matope na viatu vyake vya kanisani, bila kuuliza ni ipi. Wanyama alimfuata akisukuma baiskeli. Udongo mweusi ulijaa kwenye magurudumu yake mpaka yakakataa kuzunguka, akaibeba begani. Otieno aliniuliza, "Kwani kuna nini?" Nikamwambia angoje. Walipotokomea nikamweleza yote, na jinsi Mama Pamela alivyolegeza valvu; akakaa chini akashika kichwa. "Kumbe upepo ni yeye," akasema. Baadaye akasema, "Jerusha, nilikuongelea vibaya." Nilimwambia najua, nilikuwa kwenye sofa. Hatukuagiza soda.

Walikaa huko kama muda wa ibada. Mama Pamela alirudi peke yake, amechafuka hadi magotini, hajalia. Alinipita, kisha akarudi akasimama mbele yangu kana kwamba mimi ndiye niliyestahili kupewa taarifa. "Ana msichana mdogo," akasema. "Anatembea. Amemwita Nekesa." Nilikuwa nimekula kwake mara za kutosha kulijua jina hilo, lilikuwa la mama yake Wanyama. "Nilipomzaa Pamela nililiomba jina hilo. Akaniambia bado, wazee hawajakubali. Nilipomzaa wa pili nikaliomba tena. Kumbe alikuwa amelitunza." Mwanamke angeweza kumsamehe mengine, nadhani. Hilo la jina sikuwahi kusikia kama alilisamehe.

Wanyama hakupanda baiskeli na sisi tena. Nilikwenda kuichukua baiskeli yangu siku ya kazi, nikiwa najua hayupo, nikaihamishia dukani, na Mzee Harun akaipa nafasi karibu na mezani kwake bila kuulizwa. Mashindano niliyaendesha. Kwenye njia za ng'ombe niliwapita wenzangu wengi wakiwa wamepiga magoti pembeni, tyubu mikononi, wakitafuta mashimo ya miiba kwa mate. Tairi zangu zilichomwa pia. Nilizikuta na miiba minne au mitano imevunjikia ndani, na upepo ulikuwa umepungua kidogo tu. Nilikuwa wa pili kwa wanawake. Otieno alinipokea na chupa ya maji akiwa analia kwa furaha kuliko mimi. Jumatatu yake Mzee Harun hakuniomba msamaha, si mtu wa kuomba msamaha, lakini alinisukumia karatasi ya maagizo ya Dubai akasema, "Chagua wewe." Jioni hiyo nilipotoka alikuwa ameketi ndani akihesabu spana, hakusimama mlangoni.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu mwaka ule. Watu hudhani kushuku ni ugonjwa wa wanaokosea. Mama Pamela hakukosea. Alinusa kitu kilichokuwepo kweli, ila mikono yake ilimfikia aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu nilikuwa mimi. Otieno vile vile: palikuwa na mchezo kweli, akamshika mtu asiyehusika. Mimi nami nilimshika Otieno. Mwaka mzima tulikaa katika chumba kimoja tukila sahani moja ya omena, kila mmoja akimtazama mwenzake mikono, na yule pekee ambaye hakuna aliyemtazama alikuwa akitupigia mluzi mbele ya safari.

Matangani nilimkuta Mama Pamela jikoni, kama nilivyotarajia, akipanga vikombe kwenye sinia. Ameota mvi, mgongo umepinda. Nje chini ya turubai palikuwa na minong'ono, kwa sababu mwanamke wa Ruai alikuwa amefika na binti yake, mtu mzima sasa mwenye paji la uso la Wanyama, na shangazi za marehemu hawakujua wawaketishe wapi. Mmoja aliingia jikoni kuuliza. Mama Pamela alimjibu bila kuinua kichwa, "Waketi na watoto wangu. Msiniletee aibu siku ya leo." Shangazi akatoka. Tulibaki wawili, na mvuke wa birika kati yetu.

Aliweka kikombe cha mwisho. Akaufunga mlango kwa mguu.

"Jerusha," akasema, "sasa amekufa. Hawezi kukasirika, na mimi sina nguvu za kukasirika. Niambie ukweli. Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mama."

Alinitazama muda mrefu, uso mzima, kama alivyokuwa akinitazama nikinywa chai yake miaka ile. Kisha akanisukumia sinia.

"Haya," akasema. "Wapelekee watu chai."